Masafa Baina ya Treni Mbili

Reli inayotoka London kuteremkia Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, si ndefu: ni kilomita 80 na ushei, masafa yasiyotosha kumfikisha abiria wa Dar es Salaam hata nusu ya njia ya Morogoro. Walakini katika kilomita hizo chache zimekusanyika habari za zaidi ya miaka 180 ya jitihada za wanadamu kulijibu suala moja, ambalo kulitamka ni jambo jepesi na kulijibu ni jambo zito: treni iliyotangulia iko wapi sasa hivi, na ni nani mwenye yakini ya jambo hilo? Niliazimia kuisafiri njia hiyo mchana kweupe, nimekaa dirishani, pamoja na ami yangu, mzee wa Mombasa ambaye katika ujana wake alikuwa stesheni masta wa kituo kidogo katika tawi la Voi kwenda Taveta, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, na ambaye kwa miaka mingi sasa makazi yake ni Croydon, kusini mwa London. Kwani niliona kuwa mtu aliyewahi kubeba dhamana ya kuiruhusu treni iende ataona njiani mambo ambayo mimi ningeyapita bila kuyatambua.

Tuliingilia St Pancras, si katika ukumbi wa juu wenye paa adhimu la chuma na vioo, ambamo treni za Ufaransa huwasili, bali chini yake, ambako pana majukwaa mawili tu, moja la kwenda kusini na moja la kwenda kaskazini. Hapo ndipo treni zitokazo Bedford, Luton, Cambridge na Peterborough hukutanishwa zote katika njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, zikapita chini ya jiji kwa Farringdon na City Thameslink hadi Blackfriars, kisha zikatawanyika tena kwenda Brighton, Sutton, Horsham na miji ya Kent. Sehemu hiyo ya kati ilisanifiwa ili kila upande upitishe treni 24 kwa saa, na maana yake ni treni moja kila sekunde 150. Na katika sekunde hizo 150 sharti treni ya mabehewa 8 au 12, ambayo ile ndefu yakaribia mita 240, iingie, isimame, ifungue milango, ishushe watu na kupakia wengine, ifunge milango, iondoke, na mkia wake utoke jukwaani kabla ya ile ya nyuma yake kuja kukamata mahali pake.

Mtu akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba siri yake ni mwendo wa kasi, na dhana hiyo haina msingi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana. Ndiyo sababu treni huvuta shehena kubwa kwa nguvu haba, na ndiyo sababu vilevile haisimami upesi. Treni ya abiria iendayo kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 kila sekunde, na kwa breki za kawaida huhitaji kiasi cha kilomita moja au zaidi hata isimame. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama huzidi mara nne. Basi kila treni, popote iendapo, huwa na kipande cha reli mbele yake ambacho ni lazima kiwe kitupu, na kadiri iendavyo kasi ndivyo kipande hicho kinavyorefuka. Treni zikikimbia kupita kiasi, njia hupitisha treni chache zaidi kwa saa. Zikijikokota nazo, kila moja hukawia kumwachia mwenziwe nafasi. Baina ya hali hizi mbili upo mwendo wa wastani ambao njia hutoa faida yake yote, na ndiyo maana chini ya jiji la London, ambako haja ya watu ni kubwa kuliko mahali pengine pote, treni haziendi kwa pupa.

Ami alikuwa amesimama jukwaani na saa yake mkononi, nami nikamwona ameinua uso ghafula. Treni yetu ilikuwa ikichomoza kutoka gizani ilhali mkia wa ile iliyotangulia ndio kwanza unaishia upande wa pili. Kwa kanuni alizofunzwa yeye, treni haikuruhusiwa kutoka stesheni moja mpaka iliyotangulia iwe imefika salama stesheni ya pili, na baina ya stesheni hizo huenda pakawa na mwendo wa saa nzima. Hapa njia imekatwakatwa vipande vifupi, hata jukwaa lenyewe limegawanywa, ili treni ya mbele ikiondoa mkia wake katika kipande kimoja, ya nyuma ipewe kipande hicho papo hapo. Baina ya reli hufungwa vibao vya manjano, na treni ikipita juu yake hujua mahali ilipo; habari hiyo huipeleka kwa redio kwenye mtambo unaolinda njia, na mtambo huirudishia idhini, kwamba nenda hadi hapa, usivuke. Kompyuta iliyomo ndani ya treni, ikiujua mteremko wa njia, urefu wa treni na nguvu za breki zake, hupiga hesabu ya namna mwendo unavyopasa kupungua tangu hapo ilipo hadi mwisho wa idhini yake. Dereva akiizidi hesabu hiyo, breki hushika zenyewe. Tarehe 17 Machi 2018 treni ya abiria ilipita katika sehemu hii kwa mara ya kwanza ikiongozwa mwendo wake na mtambo, dereva akiwa kitini mwake kufunga milango, kutoa amri ya kuondoka na kuangalia njia.

"Mwanangu," ami akasema tulipokwisha kukaa, "dereva mwenye tahadhari nyingi hushika breki mapema, na hana kosa. Hodari huchelewa kushika, naye hana kosa. Lakini tafauti ya hawa wawili ni sekunde kadha wa kadha, na hapa sekunde hizo hawana pa kuzitoa."

Kauli hiyo ilinitosha kufahamu kwa nini mtambo ulipewa kazi ambayo dereva angeweza kuifanya. Dereva haendeshi vibaya; taabu ni kwamba hakuna madereva wawili waendeshao sawasawa, na palipo na treni 24 kwa saa, ikhtilafu ndogo ya wa kwanza humwangukia wa pili, na ya wa pili humwangukia wa tatu, mpaka jioni nzima iharibike. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kuwa mambo haya ni ya mbali naye: mfumo wa jamii hiyohiyo ya Kizungu, wenye idhini za redio na breki zinazojishika, umewekwa katika reli yetu mpya ya umeme ya kwenda Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na ingawa treni za huko bado si nyingi, yafaa tujue kwamba kilichonunuliwa pale si reli na mabehewa peke yake.

Baada ya Farringdon tukafika City Thameslink, kituo kilichochukua nafasi ya stesheni ya zamani ya Holborn Viaduct, na hapo napenda nikawie kidogo, kwa kuwa abiria wote wanapapita wameinamia simu zao ilhali ni mahali patukufu katika tarehe ya reli. Mwaka 1926, kutoka Holborn Viaduct hadi Elephant & Castle, kampuni ya Southern Railway iliweka taa za ishara zenye hali nne: kijani, manjano mbili kwa pamoja, manjano moja, na nyekundu. Zamani za taa za hali tatu, manjano moja ilikuwa ndiyo onyo la pekee kabla ya nyekundu; kwa hivyo ilikuwa ni lazima iwekwe mbali na nyekundu kwa masafa yote ya kusimama ya treni iendayo kasi, na taa zikiwa mbalimbali, treni nazo huwa mbalimbali. Taa ya manjano mbili iliyagawa masafa hayo mafungu mawili. Dereva akiiona huanza kupunguza mwendo. Akiiona manjano moja huwa tayari kusimama. Na nyekundu humkuta keshatulia. Taa zikaweza kusogezwa karibu, na treni zikasogezwa karibu, bila ya kupunguza hata hatua moja ya masafa ya usalama. Hakuna reli mpya iliyotandikwa wala nyumba ya mtu iliyobomolewa, na njia ikapata wasaa mkubwa kuliko ilivyokuwa nao.

Na mintarafu ya taa yenyewe, yajuaje kwamba mbele yake pana treni? Jibu lilipatikana Marekani mwaka 1872, kwa mtu aitwaye William Robinson. Umeme hafifu hupitishwa katika reli moja, ukafika mwisho wa kipande, ukaingia katika swichi ya sumaku, kisha ukarudi kwa reli ya pili. Maadamu umeme wazunguka, sumaku hushikilia swichi juu, na taa yaweza kuwa kijani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha reli mbili, umeme ukakata njia kwa kupitia hapo usifike kwenye sumaku, swichi ikaanguka kwa uzito wake, na taa ikawa nyekundu. Sikiliza sasa hikima iliyomo ndani yake. Umeme ukikatika, swichi huanguka; waya ukikatika, huanguka; reli ikivunjika, aghalabu huanguka vilevile. Kila upungufu huhesabiwa kuwa ni treni. Mtambo haudai kujua kwamba pana hatari. Hudai ushahidi kwamba hapana, na ushahidi usipokuja hufunga njia. Siku hizi mahali pengi pamewekwa mitambo ya kuhesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka katika kipande, lakini kanuni ni ileile, kwamba hesabu isipolingana basi kipande kina treni.

Treni ikatoka gizani, ikasimama Blackfriars, ambako majukwaa yametandazwa juu ya mto Thames kutoka ukingo hadi ukingo, kisha London Bridge, kisha mashariki yake ikapita mahali penye jengo lisilotazamwa na watu, lililokamilishwa katika muongo uliopita. Hapo zamani treni za Kent na hizi za Brighton zilikuwa zikikatana kwa usawa mmoja wa ardhi, na kila treni iliyokata ilizifungia njia nyingine kwa muda wote wa kukata kwake. Wahandisi wakaziteremsha za Kent zipite chini na hizi zipite juu. Sina zaidi la kusema kuhusu kazi hiyo ila kwamba kila penye njia mbili zinazokatana bila daraja, hesabu za ratiba huanza kuvunjika hapo.

Na ushahidi wake ni East Croydon. Tulipokaribia, treni ikaanza kupunguza mwendo, ikatambaa, nasi tukaona upande wa kulia reli nyingine nyingi zikija kujiunga nasi, zile zitokazo Victoria. Kaskazini ya kituo hiki hukutana mikondo miwili mikubwa, wa London Bridge na wa Victoria, ikabadilishana, ikachanganyika, ikaingia katika kituo chenye majukwaa sita. Na shirika linalozimiliki reli za Uingereza limepata kueleza kwamba treni zinazopita hapa ni nyingi kuliko za Euston na King's Cross zikijumlishwa. Mtu wa pwani hahitaji mfano mrefu: vyombo vingi bahari kuu havizuiani, lakini mlango wa mwamba ukiwa mmoja na mwembamba, nahodha wa kwanza akisita, wote walio nyuma yake watatua matanga. Uliwahi kutayarishwa mpango wa kuongeza njia na majukwaa hapa na kuinua baadhi ya reli juu ya nyingine, ukaonyeshwa umma, lakini haujajengwa. Nami nasema wazi kwamba mpango huo ulistahili kupewa fedha kabla ya mingi iliyopewa. Maana mitambo ya redio chini ya St Pancras, kwa ustadi wake wote, haiwezi kupitisha treni ambayo imezuiliwa Croydon.

Reli hizo za Victoria, kabla ya kufika Croydon, hupita Clapham Junction, na ami alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Asubuhi ya tarehe 12 Disemba 1988, karibu na stesheni hiyo, katika njia iendayo Waterloo, dereva mmoja aliona taa ikibadilika ghafula kuwa nyekundu mbele yake, akasimamisha treni na kuteremka kwenda kupiga simu, kama kanuni ilivyomwamuru. Nyuma yake taa ilipaswa kuwa nyekundu kwa ajili ya kumlinda. Haikuwa. Fundi aliyekuwa akibadilisha nyaya siku zilizotangulia alikuwa ameuacha waya mmoja wa zamani ambao ulipasa kukatwa na kufungwa. Waya huo ukagusa mahali pake pa zamani, ukaipelekea swichi umeme usiokuwa wake, na swichi ikabaki juu ilhali treni imesimama juu ya reli. Treni iliyokuwa ikija kwa kasi ikaigonga ile iliyosimama, na watu 35 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Anthony Hidden ulikuta kwamba fundi yule alikuwa amepata siku 1 tu ya mapumziko katika wiki 13. Sheria nyingi za kupima na kukagua kazi za nyaya, na za kuwawekea mafundi mpaka wa saa za kazi, zilitokana na ripoti hiyo. Na mimi nimeitaja hapa kwa sababu mtambo wa Robinson, ambao niliusifu kwa moyo wangu wote, una sharti moja usiloweza kulitimiza wenyewe, nalo ni mwanadamu aliyelala usiku akaamka na akili yake timamu.

Kupita Gatwick, kwenye uwanja wa ndege, tukafika Three Bridges, na ami akanionyesha jengo pana kando ya reli, lisilo na pambo lolote. Ndani yake wamo watu waketio mbele ya vioo vya kompyuta, wakiangalia na kuelekeza treni zilizoko mbali nao sana, zikiwamo zile tulizoziacha chini ya St Pancras. Zamani kazi hiyo ilitawanywa katika vibanda vingi vilivyopangwa ukingoni mwa njia, kila kimoja na mtu wake, mishikio yake ya chuma na kengele zake. Mitambo ya kuhifadhi usalama, ambayo haikubali amri mbili zinazopingana, hufanya kazi iwe mtu yupo au hayupo. Anayekaa pale hafanyi kazi ya kuzuia ajali bali ya kuamua nani atangulie, na hiyo ni kazi ya busara.

Mbele kidogo, kabla ya handaki la Balcombe, reli zetu nne zikawa mbili. Tangu London treni za haraka zilikuwa na njia zao na za polepole njia zao. Sasa zote ziliingizwa katika njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hapo wasaa wa njia hupungua zaidi ya nusu, na sababu yake yafaa ifahamike. Treni zote zikienda mwendo mmoja na kusimama vituo sawa, zaweza kufuatana kwa ukaribu; lakini ukiweka treni isimamayo kila kituo na nyuma yake treni isiyosimama, ile ya nyuma itaifikia ya mbele, kwa hivyo ni lazima icheleweshwe kuanza, na muda ule wa kuisubiri ni nafasi ambayo haibebi mtu. Dawa yake ni mahali pa kupishana, kama Haywards Heath, ambako njia hupanuka tena kituoni, na treni ya polepole huingizwa pembeni ikangoja ya haraka ipite. Abiria hukasirika akiona treni yake imesimama bila sababu aijuayo, na huku kusimama kwake ndiko kunakowezesha treni mbili zitumie njia ya moja.

"Sisi tulikuwa na njia moja tu, ya kwenda na kurudi," ami akasema. "Namuuliza mwenzangu wa mbele kwa simu, naye anijibu, kisha naandika kwa mkono wangu karatasi ya idhini, namba ya treni, saa, stesheni, na sahihi, nampa dereva. Bila ya karatasi ile dereva haondoki, hata akiwa amembeba gavana."

Nikamuuliza kama kuna siku aliyopata shaka.

"Ikiwapo shaka huandiki. Muulize tena. Treni ikichelewa utagombezwa, mambo yaishe."

Tukavuka daraja la mto Ouse, lenye matao 37, urefu kiasi cha mita 450 na kimo cha mita 29, lililojengwa na mhandisi John Rastrick likamalizika mwaka 1841, mwaka ambao reli hii ilifika Brighton. Matofali yake yapata milioni 11, na treni za umeme za leo hupita juu yake bila ya kutikisika. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama kutoka bondeni, na wana haki. Lakini mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mahali pengine, upande wa kusini zaidi, ambapo reli hutoboa vilima vya chokaa: handaki la Clayton, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, ambalo mlango wake wa kaskazini umejengwa kwa mithili ya ngome, una minara miwili na nyumba baina yake.

Jumapili ya tarehe 25 Agosti 1861, asubuhi, treni tatu zilitoka Brighton kuelekea London zikifuatana kwa dakika chache mno, ingawa kanuni ya kampuni ilitaka baina ya treni na treni zipite dakika 5. Zama hizo reli nyingi ziliendeshwa kwa kutenganisha treni kwa wakati: treni hupita, mtu huhesabu dakika, kisha huruhusu nyingine. Mwenye kutenganisha kwa wakati hujua treni ilipita saa ngapi, lakini hajui iko wapi. Ikisimama njiani, dakika zake huendelea kuhesabika vilevile. Kwa ajili ya hatari ya handaki, hapa Clayton palikuwa na tahadhari zaidi, kibanda kila upande na simu ya waya baina yake. Upande wa kusini alikuwako mlinzi jina lake Henry Killick, ambaye siku ile alikuwa katika zamu ya saa 24 mfululizo, badala ya 18 zilizokuwa desturi, ili apate siku nzima ya mapumziko katika wiki.

Treni ya kwanza ikapita, na ishara iliyotakiwa kujirudisha yenyewe kwenye hatari haikujirudisha. Kengele ya onyo ikalia. Killick akapeleka habari kaskazini kwamba treni imo handakini, akashika bendera nyekundu, lakini treni ya pili ilikuwa imekwisha kufika, ikaingia huku yeye akipunga, asijue kama dereva ameiona. Dereva alikuwa ameiona. Akasimama ndani ya giza, akaanza kurudi nyuma polepole aje aulize kuna nini. Killick akauliza kwa simu kama handaki li tupu. Mwenzake wa kaskazini, akiwa ameiona treni ya kwanza ikitoka, akajibu kwamba li tupu, naye alisema kweli kwa treni aliyoijua; Killick akafahamu kuwa zote mbili zimetoka. Akaipungia treni ya tatu bendera nyeupe, ambayo zama hizo ilikuwa ndiyo ruhusa, ikaingia, ikaigonga ile ya pili iliyokuwa ikirudi nyuma. Walikufa watu 23, na waliojeruhiwa walikuwa 176.

Nilimsimulia ami habari hizo tungali ndani ya handaki lenyewe, na aliposikia jibu la kaskazini aligonga goti lake kwa kiganja. "Treni gani?" akasema. "Hakumuuliza treni gani. Kwetu treni ilikuwa na namba, na namba huandikwa kitabuni kabla hujanyanyua simu. Namba hii imeingia, namba hii imetoka. Ukisema 'treni' tu, hujasema kitu."

Alikuwa ameshika kiini cha jambo. Simu ilifanya kazi, waya ulikuwa mzima, walinzi wawili walisema kweli, na bado yakini haikuwapo, kwa kuwa suala halikuitaja treni. Vibao vya manjano vya St Pancras, karatasi ya ami yenye namba na sahihi, mtambo wa kuhesabu ekseli, vyote hivyo vimetengenezwa ili suala lile lisiweze tena kuulizwa kwa namna ile. Na lililonihuzunisha zaidi ni muda uliopotea. Njia bora ilikuwa imekwisha kujulikana hata wakati huo, nayo ni kutenganisha treni kwa masafa, treni moja katika kipande kimoja cha njia, na wengine walikwisha kuifuata; lakini makampuni mengi yaliona kuwa gharama yake ni kubwa na kwamba itapunguza idadi ya treni. Ilibidi ipite miaka mingine 28. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, katika njia iliyokuwa bado ikitenganisha treni kwa dakika, mabehewa ya msafara wa shule ya Jumapili yalirudi nyuma mlimani yakaigonga treni iliyokuwa ikifuata, na watu 80 wakafa, wakiwamo watoto. Mwaka huohuo bunge likatunga sheria iliyoyalazimisha makampuni kutenganisha treni kwa masafa, kufunga pamoja ishara na mahali reli zinapogawanyika ili zisipingane, na kuzipa treni za abiria breki zinazojishika zenyewe mabehewa yakikatika. Na kinyume cha hofu ya makampuni, njia zilizofuata utaratibu huo zilikuja kupitisha treni nyingi kuliko walizozijua wao.

Brighton tuliwasili kwa saa iliyoandikwa. Ami hakutaka kwenda pwani upesi. Alipenda kwanza aone treni ikiondoka kurudi London, kwa sababu, alinieleza, nafasi yake chini ya jiji, ile ya sekunde 150, imekwisha kupangwa baina ya moja itokayo Sutton na nyingine itokayo Kent, na ikichelewa hapa dakika mbili, huko itakuta nafasi yake imepita, na mwenye kuketi Three Bridges atalazimika kuchagua ni abiria wa mji gani watakaosubiri. Dereva alikwisha kutembea hadi upande wa pili wa treni. Mtu mmoja mwenye begi alikuwa akija mbio kutoka kwenye lango, akiinua mkono. Milango ikafungwa kwa wakati wake, treni ikaondoka, naye akabaki jukwaani akiitazama saa kubwa ya stesheni. Ami akamwendea, akamwambia kwamba inayofuata haitakawia, akamwonyesha jukwaa lake.